Usionje Dengelua ya Watu wa Eliya

Nakundwa mwanangu,

Utashangaa kupewa barua na mtu unayekula naye chungu kimoja. Lakini sisi wawili tukizungumza, nikifika neno la tatu unasema, "Mama, umeanza," halafu unainuka kwenda kuchochea moto unaowaka vizuri tu. Barua utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa hasira. Nimeiandika mwenyewe, jua likiwa bado juu, wewe ukiwa umempeleka Eliamani kuoga mferejini. Usicheke herufi. Shule sikukanyaga, haya ni mambo ya kisomo cha watu wazima, na kisomo walitufundishia Kiswahili. Chasu, Kipare chetu, nakisema hata usingizini, ila kukiandika sijui.

Kesho unateremka Same kufungua kesi ya talaka. Utakaa kwa shangazi yako mpaka kesi iishe, na mtoto utaniachia mimi. Sitakuambia uvae nini wala ukae upande gani wa lori. Nataka nikuambie juu ya kile kibuyu kilichoko jikoni nyuma ya mlango, ulichoniulizia jana nikakujibu kwamba ni dawa ya mbuzi. Si dawa. Ni dengelua, pombe ya miwa hasa, imechacha vizuri, na kwa harufu yake aliyeitengeneza anaijua kazi. Ameileta baba mdogo wa mume wako Eliya. Alikuja Jumapili, ninyi vijana wote mkiwa kwenye msaragambo, kazi ya kijiji, mnazoa tope la ndiva, bwawa letu, ili maji ya kumwagilia yakae.

Hilo ndilo la kwanza lililonitia shaka. Kijiji kizima kilitangaziwa msaragambo. Yeye aliye ng'ambo tu ya korongo alijua kabisa kwamba siku hiyo hapa nyumbani nitakuwa mimi na mtoto tu.

La pili, alikuja na kofia mkononi. Yule mzee tangu nimjue hajamvulia mtu kofia, hata mazishini anaisogeza tu nyuma kidogo. La tatu, akatoa kwenye mfuko mche mzima wa sabuni na khanga mpya yenye harufu ya duka. Wewe niambie, duka la kijiji lina miezi halijaona sabuni, tunafulia majivu, watu wanapanga foleni kwa ajili ya kipande chembamba cha kuweza kumkata kuku shingo. Mtu akikuletea mche mzima wakati kama huu, swali si kwamba kaupata wapi. Swali ni kwamba anataka kununua nini nao.

Akakaa. Akasifia migomba. Akamwita Eliamani, mtoto akajificha nyuma ya gauni langu, nikampenda zaidi. Halafu akasema, "Mkwe wangu, watoto wamegombana, lakini wazee si tupo?"

Nikamjibu kwamba wazee tulikuwepo vilevile siku Nakundwa alipofika hapa sikio linatoa damu, na sikumwona.

Akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele za watu. Akasema familia imekaa na haikatai. Talaka utapewa, tena hapahapa nyumbani, bila kusumbuana na makarani wa mjini. Wao watakaa na mjomba wako, watayamaliza. Kitu kidogo tu, nimpe kile cheti cha baraza, kwa kuwa yeye ana safari ya Same, atakipeleka mahakamani kwa mkono wake ili wewe usihangaike. Halafu akakisukuma kibuyu mpaka miguuni pangu. "Onja basi, mkwe, koo limekauka. Uonje, na mimi ninywe."

Mungu anajua ninavyoipenda dengelua. Nilimwambia tumbo linaniuma.

"Basi nakiacha," akasema. "Likipona utaonja." Akaondoka bila kuvaa kofia.

Tangu siku hiyo mjomba wako Senzota, ambaye mwaka mzima mguu wake haumruhusu kupanda huku, anapita hapa kila anapojisikia. Hakuulizii wewe. Hamuulizii mtoto. Anauliza tumbo langu linaendeleaje.

Sasa nikwambie kwa nini nimekiogopa kibuyu kuliko ambavyo ningemwogopa nyoka.

Unajua kwamba kabla ya baba yako niliolewa na mtu mwingine. Hiyo unaijua kwa sababu watu walikuambia, na nilipokuona umeijua nikanyamaza. Yule mtu alikuwa na ng'ombe wengi na mkono mwepesi. Nikakimbilia kwetu. Wakati ule mkoloni alikuwa bado yupo, na kesi za ndoa zilisikilizwa na mfumwa, chifu wetu, amekaa na wazee wake. Mjomba wako ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba, kwa kuwa baba yetu alishafariki. Akapeleka shauri. Siku ya kusikilizwa ikapangwa.

Kabla ya siku hiyo, watu wa mume wangu wakaja nyumbani na kibuyu. Walikuja wamechoka, jua kali, wamepanda mlima. Senzota akaniita nje, akanipa kata mkononi, akasema, "Wape wageni." Wewe umelelewa na mimi, unajua nilivyolelewa. Msichana wa Kipare aliyefunzwa hampi mgeni pombe ambayo hajaionja. Ni matusi, ni kumwambia mgeni kwamba huenda ina sumu. Mkono wangu ulifanya kabla kichwa hakijafika. Nikachota, nikaonja, nikampa mkubwa wao. Akanywa. Wakanywa wote. Mjomba wako akanywa kuliko wote.

Siku ya shauri mfumwa akaniuliza nina neno gani. Nikaanza kueleza. Hata sijafika kwenye mkono uliovunjika, yule mkubwa wao akasimama akasema, kwa upole kabisa, kwamba anashangaa ninaongea nini, maana kibuyu cha kuomba radhi kililetwa, mwanamke mwenyewe akaonja kwa hiari yake mbele ya kaka yake, na kaka yake akanywa. Mfumwa akamgeukia Senzota. Senzota akatazama chini, akasema, "Ni kweli."

Shauri likafa hapohapo. Wala sikulia. Nilikuwa najiuliza tu, nilionja lini. Nilikuwa naonjea wageni. Wao walikuwa wananionjesha msamaha. Kitendo kimoja, na aliyejua maana yake ya pili alikuwa kila mtu isipokuwa mimi. Nikarudishwa kwa yule mtu, nikakaa huko mpaka Uhuru ukanikuta huko.

Kwa hiyo nikiona kibuyu cha watu wa mume, mwanangu, sioni pombe.

Mara ya pili nilikuwa mjanja zaidi, au nilidhani. Nilipoondoka nilisema sionji, sishiki kata, sisogei hata karibu na jiko wakija. Mjomba wako safari hii aliona aibu, akakubali kurudisha mahari. Wale mbuzi wakarudishwa, ng'ombe akarudishwa, wakapokea. Ila mbuzi jike mmoja mweusi wakamkataa. Walisema anachechemea, tutafute mwingine. Tukapeleka mwingine, wakasema huyu mdogo. Senzota akachoka, akasema mbuzi mmoja ni nini, wakimtaka watakuja kumchukua. Na mimi nikasema hivyohivyo. Mbuzi mmoja ni nini.

Nikaolewa na baba yako, Mungu amlaze pema. Ukazaliwa wewe. Ulikuwa hujaota jino hata moja walipokuja hapa wanaume na fimbo, wametulia, wamevaa vizuri. Wakasema wamekuja kumwona mtoto wao. Baba yako akadhani wamepotea nyumba. Wakamweleza. Mahari haijarudi yote, mbuzi mmoja bado ni wa ndoa, kwa hiyo ndoa ipo, na mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye mbuzi. Walikuwa wanakuzungumzia wewe. Ulikuwa unanyonya.

Ndipo nilipoelewa kwa nini walimkataa. Mbuzi alikuwa mzima. Walikuwa wameacha mlango wazi nyuma yangu ili waingie watakapotaka.

Baba yako hakuwa mtu wa maneno. Alimfuata yule mbuzi mweusi kwa mjomba wako, akamfunga kamba, akanichukua mimi, wewe ukiwa mgongoni kwangu, tukateremka mpaka kwenye mahakama. Wafumwa walikuwa wameshaondolewa, sasa kulikuwa na hakimu wa serikali, kijana kutoka pande za Tabora, Kipare hajui hata neno. Niliposikia hajui Kipare nilimwogopa, halafu nikafurahi, maana niliwaza kwamba hana shangazi huku. Akamsikiliza yule mtu wangu wa zamani. Akamuuliza kwa nini alimkataa mbuzi. Akajibu, "Anachechemea, mheshimiwa."

Hakimu akamwambia tarishi wa mahakama amtembeze. Tarishi akamtembeza uani, watu wote tumesimama. Mbuzi akatembea kama bibi harusi. Akarudi, akatafuna ukingo wa mkeka wa mzee mmoja wa mahakama, yule mzee akampiga kofi la pua, watu wakacheka, hata wale wenye fimbo mmoja wao akacheka. Hakimu hakucheka. Akamwambia yule mtu, "Pokea mbuzi wako hapa mbele yangu." Akapokea. Ikaandikwa, ikagongwa mhuri. Nikarudi na wewe mgongoni, baba yako mbele, na kuna mahali alisimama akakufunika jua kwa jani.

Mambo ya mbuzi yamepita. Nakuambia kwa sababu mlango wa namna ileile wanauacha wazi tena, wamebadilisha tu rangi.

Sheria ya sasa ya ndoa ilikuja ninyi mkiwa wadogo. Tulisomewa kisomoni, mwalimu anasoma, sisi wanawake tunashona vikapu na kujifanya hatusikilizi. Mimi sheria siiamini hivihivi tu. Imeandikwa na wanaume wenye wake zao. Lakini nimeizungukazunguka miaka mingi nikiichungulia kama nyumba ya jirani, na nakuambia nilichokiona.

Kwanza, talaka ya nyumbani ambayo yule mzee anakupa, haipo. Wazee wakikaa, wakinywa, wakisema mmeachana, hiyo ni sherehe. Anayevunja ndoa ni mahakama peke yake. Ukiachwa nyumbani bila hukumu, siku yoyote Eliya anaweza kusimama na kusema wewe ni mke wake, Eliamani arudi, na yule atakayekuoa kesho kamchukua mke wa mtu. Ni mbuzi mweusi yuleyule. Basi mtu akikupa bure kitu ambacho hana, jiulize.

Pili, mahakama haikusikilizi mpaka baraza la usuluhishi la kata lijaribu kuwapatanisha lishindwe. Hilo tulishalipitia. Unakumbuka Eliya alivyolia pale barazani, mpaka mwenyekiti akampa kitambaa chake. Mimi nilikuwa natazama miguu yake. Macho yanalia, miguu imetulia kama ya mtu anayesubiri lori. Wakampa nafasi, ukarudi, na sikio likapasuka. Ndipo baraza likaandika cheti kwamba limeshindwa.

Sasa sikiliza hapa, hapa ndipo penye nyoka. Cheti hicho kina umri. Katibu wa kata alimwambia kila mtu aliyetaka kusikia, na mimi nilitaka: kikipita miezi sita tangu kiandikwe hakifai tena kufungulia kesi, unaanza upya barazani. Chako kiliandikwa wakati wa mvua za vuli. Angalia nje. Masika yamekaribia kwisha, mahindi yanabeba. Kimebakiza wiki chache kife. Yule mzee hakukosea mwezi. Angekichukua kwa mkono wake wa upole, akakisahau kwenye koti, akaumwa, akafiwa, akaja kukuomba radhi kikiwa kimekufa. Halafu ungerudi barazani, na huko angesimama akasema kibuyu kilipelekwa, mama mkwe akaonja, mambo yakaisha. Umeona walivyofunga pande mbili? Cheti kikizeeka, kibuyu kinanena.

Kwa hiyo cheti kisitoke mkononi mwako isipokuwa kwa karani wa mahakama, na umwone akikiweka ndani ya faili. Karani naye mtazame. Akikuambia uje kesho, muulize kwa nini si leo. Akikuambia umpe kitu kidogo, mwite shangazi yako, anajua kusema kwa sauti kubwa huku anatabasamu.

Kesi ikishafunguliwa Eliya ataitwa kwa samansi. Atajificha. Atasema yuko kazini, yuko safari, mara amelazwa. Usimfuate kumbembeleza aje. Mahakama ina njia zake za kumwita, wewe kaa. Na asikuite nyumbani kwake "tuzungumze kama watu wazima". Ukilala kwake hata mara moja, asubuhi atakuwa na maneno ya kumwambia hakimu kwamba mmepatana. Sikwambii hivi kwa sababu sikuamini. Nakwambia kwa sababu namwona Eliya akiwa mpole, na upole wake nimeuona mimi mwenyewe kwa macho yangu, unashawishi. Mlevi akikupiga, kesho yake unaweza kuisingizia pombe. Eliya anapiga akiwa ameshiba, ametulia, amenawa mikono. Mtu wa namna hiyo ukimwona mpole umwogope.

Hakimu atakaa na wazee wa mahakama pembeni. Hao nao ni wanaume wa huku huku, wana dengelua zao. Wakikutazama kama mtoto mkaidi, usiwatazame wao, mtazame hakimu, ueleze. Atakuuliza ndoa imevunjika kiasi gani. Usiseme "hanipendi". Mwanamke akisema hanipendi wanaume hucheka. Sema sikio. Sema yule mwanamke wa kambi ya mkonge aliyeletwa na Eliya kulala chumbani kwako. Sema uliyasema yote haya barazani.

Na nyumba. Najua umeniambia nyumba hutaki, unataka amani tu. Hiyo amani ndiyo wanayongoja uwe na hamu nayo. Ile nyumba ya kule bondeni karibu na mashamba ya mkonge, Eliya ameshawaambia watu wa ofisi ya kijiji kwamba ni ya kaka yake. Nimeyasikia. Sheria inasema kilichopatikana kwa jasho la wote wawili mahakama inaweza kukigawa, lakini hakimu hataota jasho lako, umwambie. Sema ulichota maji ya matofali ukiwa na mimba. Sema ulikaanga maandazi ukiwauzia wakata mkonge, na bati zikatoka humo. Usione aibu. Wewe ukiona aibu kutaja maandazi, kaka yake Eliya haoni aibu kutaja nyumba.

Shahidi wako ni Bi Tabu, yule jirani mke wa mkata mkonge kutoka Kigoma. Yeye ndiye aliyekutoa mlangoni siku ile ya sikio, akakufunga na kitambaa cha kichwa chake. Ni mwanamke mwema, lakini usitegemee wema wake peke yake. Mumewe anakata mkonge na Eliya ni nyapara wake. Asubuhi akija kushuhudia, jioni mumewe anaweza kupewa mstari wa mwisho wenye mawe. Kwa hiyo usimwombe, mwombe hakimu amwite. Akiitwa na mahakama atasema, "Mimi nimeitwa, ningefanyaje?" Mpe sababu ya kuwa jasiri bila kulaumiwa.

Mjomba wako atakuambia kwamba ukipata talaka watadai mahari na yeye hana. Huo ndio ugonjwa wa tumbo langu anaouulizia. Mahari wakitaka waidai, ni shauri la peke yake, haliwezi kukuzuia wewe kutoka. Mwambie dada yake amesema hivyo. Namjua Senzota, si mbaya. Anapenda tu mambo yaishe akiwa amekaa.

Na Eliamani. Mwalimu wa kisomo alisema mtoto wa chini ya miaka saba sheria inapenda akae na mama yake, isipokuwa kuwe na sababu. Watatafuta sababu. Watasema umemwacha mlimani kwa bibi asiyejua kusoma. Basi uwaonyeshe barua hii.

Nimewashuku watu wengi humu ndani. Kabla sijamaliza nimeona nimshuku na huyu anayeandika. Jana nilipokuwa namenya ndizi nilijiuliza: je, mimi nataka Nakundwa aachike kwa sababu Eliya anampiga, au kwa sababu tangu arudi nyumba ina sauti? Baba yako alipoondoka nilikuwa napika makande ya mtu mmoja, sufuria nzima inabaki. Sasa wewe unalalamika chumvi, mtoto analia, mimi nagomba, na nimenenepa. Sijui jibu, mwanangu. Nimelizungusha sana. Kwa hiyo usiende kwa sababu yangu. Ukifika mlangoni pa mahakama ukaona kweli, kwa kichwa chako mwenyewe, kwamba unataka kurudi kwake, rudi, nitakasirika na nitakuletea ndizi. Lakini uwe umeamua wewe. Usirudishwe na mkono wa mama yako ulioshika kata.

Ndiyo maana kibuyu sijakimwaga. Kukimwaga ni rahisi, ila kibuyu kitupu kinasema kimenywewa. Wangesema, "Kiko wapi basi?" Nilikwenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi nikamwita aje akitazame. Akakichungulia, akakiona kimejaa mpaka shingoni, akameza mate maskini. Mbele yake nikakiziba kwa jani la mgomba, nikafunga kamba ya mkonge, na yeye akakaza fundo lake mwenyewe.

Kesho, wewe ukiwa kwenye lori unateremka, mimi nitakuwa njiani kwenda kwao Eliya ng'ambo ya korongo, nacho kichwani. Magoti yangu usiyataje. Wenzangu wawili wa kisomo watanisindikiza, na mjumbe amesema atakuja, nadhani anatumaini njiani nitabadilisha mawazo. Eliamani simpeleki kwenye lango lile, atabaki kwa mke wa mjumbe na komeo limefungwa. Khanga nairudisha haijakunjuliwa. Sabuni nairudisha, nimeinusa tu. Nitamwita yule mzee atoke nje, watoto wake wamwone, majirani wamwone, nimwombe afungue fundo mwenyewe atazame ndani.

Basi Eliya akisimama mahakamani na upole wake, akasema wazee walishapatana na mama mkwe akaonja, wewe usigombane naye. Mwambie hakimu kibuyu kimerudi kimejaa, mashahidi wapo, na mama yangu hakuna mtu mlima huu anayeipenda dengelua kumshinda.

Nawasikia mnarudi, mtoto anaimba. Nakwenda kuficha kalamu.

Mama yako